Ufunguo wa Lango la Sita

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, umepata joto la kifua, na mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa nondo. "Dada, fungua," alisema. Hakupiga kelele. Pumzi ya kupigia kelele hakuwa nayo.

Asubuhi ile alinitania nilipovaa kizibao cha njano: "Afande asiye na pingu." Nilicheka, maana alisema kweli. Kwenye mafunzo tuliambiwa mpaka tukachoka kwamba sisi walinzi wa uwanjani si polisi. Mtu asipokubali kupekuliwa, humpekui. Unamzuia asiingie, basi. Unaomba, unaelekeza, unaita wakubwa. Nilitoka pale na adabu ya mkwe ugenini, siketi mpaka niambiwe keti.

Mechi ilipochanganya, mkuu wetu wa zamu alikuja akalitia kufuli lango la sita, lango langu. Nje walikuwepo wasio na tiketi, wanalizengea lango. "Usifungue mpaka nikwambie," alisema, akanivika ufunguo. Moyo ulikataa, mdomo ukasema sawa, mkuu.

Tulipofungwa goli la tatu, mashabiki wetu walikata tamaa, wakaanza kutoka kwa mpigo. Wa juu walishuka ngazi bila kujua kwamba wa chini hawana pa kwenda. Kwanza walinitukana. Kisha matusi yakakoma, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Sina mamlaka," nilimwambia mdogo wangu. "Ngoja nimuulize mkuu."

Redio ya mkononi ilikoroma tu. Nikakimbia kumtafuta, nusu ya uwanja, ufunguo ukinipigapiga kifuani. Nilipompata alinitazama shingoni kabla ya kunitazama usoni, kisha akatangulia yeye kukimbia.

Kufuli lilifunguka mara moja. Mdogo wangu alitolewa amebebwa, na kesho yake tulimzika.

Kwenye uchunguzi nilipewa kijitabu chetu cha kazi nisome kwa sauti. Ukurasa wa nne: watu wakibanwa, mlinzi wa lango atafungua bila kungoja amri ya mtu yeyote. Chini palikuwa na sahihi yangu. Mkuu alifungwa jela kwa sababu ya lile kufuli. Mimi niliambiwa sina kosa.

Jioni hiyo nilimkuta mama akikunja mashati ya mdogo wangu. Hakuinua macho.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi, mama."

Akamaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine. Miaka kumi na tisa imepita, hajaniuliza tena, na kila nikikaa naye jikoni nalingoja swali la pili.