Mahindi ya Nyar Gem

Mwezi wa saba wa mwaka ule mama mkwe wangu, Dorca, alikuwa amekonda hata pete yake ya ndoa aliifunga kwenye ncha ya leso isidondoke. Uji aliuonja tu, akaurudisha. Kitu kimoja alikitamani: mahindi mabichi ya kuchemsha, ya shamba letu, si ya kununua.

Nayo yalikuwepo. Hilo ndilo lililotuaibisha. Ukiketi mlangoni pake uliyaona yamesimama kutoka barabarani mpaka karibu na ziwa, na sisi tulikuwa tunasonga ugali wa unga wa dukani.

Kwetu, upande huu wa Luanda Kotieno, mahindi mapya huliwa kwa zamu. Mama wa boma hutangulia na ya shamba lake, kisha nyumba ya mwana mkubwa, kisha anayefuata. Mdogo akimtangulia mkubwa, nyumba ya mkubwa itapata chira, watoto wakonde kwa ugonjwa usio na jina. Hata kupanda hufuata zamu hiyo hiyo. Mama alikuwa amepanda mashina machache nyuma ya jiko, mbuzi wakayamaliza. Kwa hiyo zamu ilikuwa ya Joram, mwanawe mkubwa, na mkewe Lornah. Wao walikaa Milimani, Kisumu, katika nyumba ya serikali yenye ua wa maua. Mvua ilipoanza Lornah alikuja, akapanda, akarudi mjini, na vibarua wakampalilia. Mimi na mume wangu Ouma, mdogo wake Joram, tulipanda baada yao, kama ilivyotupasa.

Tulituma neno kwa wanawake wanaopeleka omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye kule Kisumu: mwambieni Lornah aje avunje mahindi yake, Mama anangoja. Walirudi na jibu lile lile. "Anasema wikendi." Wikendi ikaja, ikapita, na nyingine nyuma yake.

Majirani walikuwa wameshaanza kula. Jioni harufu ya mahindi ya kuchoma iliingia mpaka kitandani kwa Mama. Adero, jirani yetu, alipita na gunzi mkononi akanichokoza: "Nyar Sakwa, sufuria yenu inangoja gari la Kisumu litiwe petroli?" Hivyo ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Sakwa, kwa kuwa nilitoka huko. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani uso ukiniwaka.

"Mama," nilimwambia, "nikuvunjie moja tu la kwangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Unataka nile wajukuu wangu?"

Nilitazama miguu yangu. Sikurudia tena.

Lornah alikuja Jumamosi moja, jua limeshapanda, gari limejaa mikate, sukari na machungwa. Alipomwona Mama alijiziba mdomo.

"Hamkuniambia amefika hivi."

Tulikuambia, nilitaka kusema, lakini alikuwa mkubwa wangu. Nilichukua kikapu nikamfuata shambani. Alivunja hindi la kwanza, akalimenya, akalibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Akavunja jingine, na jingine, akiyatupa chini. Yote yalikuwa yamekauka.

"Mama Tom," nilimwita kwa jina la mwanawe, "tuyaache."

"Mama hana meno, Seline. Atayatafunaje haya?" Alitazama ng'ambo ya mpaka, kwenye shamba langu. Mahindi yangu, kwa kuwa yalipandwa nyuma, ndiyo kwanza yalikuwa yameiva vizuri, majani bado kijani. "Nipe yako. Nitayapika jikoni kwangu, kwa kuni zangu. Yatakuwa yangu."

"Yatakuwa yako vipi?"

"Wewe ni mdogo. Nipe."

Nikampa. Tulivunja upesi upesi, yeye akigeuka kutazama barabara kama mtu anayeiba. Hatukutazamana.

Jiko lake lilikuwa na utando wa buibui kila pembe. Aliyaacha na maganda ya ndani, akatia chumvi kidogo. Yalipochemka harufu yake tamu ilijaa uani, watoto wakaanza kuzunguka mlango. Lornah alibeba sahani mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Mama.

Mama alilishika hindi, akalinusa, akafumba macho. Kisha akaibonyeza punje moja. Maziwa yakaruka. Halafu akatazama nje, kule barabarani, ambako shamba la Lornah lilikuwa rangi ya udongo na majani yakikwaruzana kwa upepo.

"Nyar Gem," alimwambia Lornah, maana yeye alitoka Gem. "Nani alitangulia kupanda, wewe au nyar Sakwa?"

"Mimi, Mama."

"Na mvua iliwanyeshea pamoja?"

"Pamoja, Mama."

Aliliweka hindi chini. Chozi la Lornah lilidondoka kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, sikuweza kuingia wala kutoka.

"Niletee lako," Mama alisema.

"Ni magumu, Mama."

"Sikuuliza."

Lornah alikwenda mbio, safari hii bila viatu. Alirudi na hindi moja kavu, akalichoma kwenye makaa mpaka likaanza kupasuka. Mama alichukua punje moja, akaitia mdomoni. Tulimtazama akiizungusha kwenye fizi, ikigonga kama kokoto. Ikamshinda. Akaomba maji, akainua kichwa, akaimeza kama dawa. Alikohoa sana, Lornah akimshika mgongo.

Alipotulia alisema, "Nimekula mahindi ya mwanangu mkubwa. Ni matamu."

Akajifuta mdomo kwa leso.

"Haya, nyar Sakwa, hayo ya kwako yanapoa."

Mama alikula polepole, akipukuchua punje kwa kidole, mstari kwa mstari, maji ya mahindi yakimtiririka kidevuni, mpaka gunzi likabaki jeupe. Aliomba jingine. Watoto waliitwa ndani, kila mmoja akapewa. Lornah alishika lake bila kulitia mdomoni.

"Kula," Mama alimwambia. "Aibu haishibishi."

Akala huku analia. Mimi pia nilikula. Sijawahi kula mahindi matamu kama yale, na sikuweza kuinua macho.

Mama tulimzika kabla ya mahindi ya vuli.

Siku hizi Lornah huja mapema, ndevu za mahindi zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi. Huvunja la kwanza, hulichemsha, kisha huniletea nusu mpaka mlangoni kwangu. Tunakula tumesimama, tukitazama mahali nyumba ya Mama ilipokuwa. Hakuna kati yetu anayesema kuwa ni tamu.