Viti Vitatu vya Kapsuli

Mama mkwe wangu aligundua Jumamosi, baada ya chai, kwamba yuko angani.

Alikuwa anapita nyuma ya kiti cha binti yangu kufuata miwani yake, akaona kwenye kompyuta kisura kidogo chenye kofia ya kioo, chini yake pameandikwa Bibi. Akauliza huyo ni bibi gani. Binti yangu hajui kudanganya, nilimlea hivyo na ninajuta. Akamjibu kwamba ni yeye, wa kushoto ni Baba, wa kulia ni Mama, na kwamba sisi watatu tunaizunguka dunia tangu Jumanne.

"Na tunashuka lini?" Bibi akauliza.

Binti akanigeukia mimi.

Kosa lilikuwa langu. Binti ana miaka kumi na sita na ana mchezo wa kompyuta wa kuunda roketi. Unachagua vipande kimoja kimoja, matangi, injini, mabawa, na juu kabisa unaweka kapsuli, yaani kile chumba cha wasafiri chenye viti vitatu. Jumanne roketi yake ilikuwa nzito, kila ikipaa inarudi chini. Mimi nilikuwa pembeni napiga pasi. Nina stashahada ya ugavi na ghala zima chini yangu, na mzigo uliozidi uzito siwezi kuuona nikanyamaza. Nikamuuliza kipande kwa kipande: hiki kinatumika lini? Injini, mwanzoni. Matangi, mwanzoni. Tukafika kwenye kifurushi kilichokaa kichwani mwa kapsuli. Akasema ni parachuti, linatumika mwisho kabisa, wakati wa kurudi. Nikamwambia kwetu ghalani kitu kinachohitajika mwisho hakipandi gari la kwanza, kinafuata na la pili. Akalitoa. Roketi ikapaa vizuri sana, nikajisifu mpaka nikaunguza kola ya shati la baba yake.

Kumbe angani hakuna gari la pili.

Bibi alielezwa kwamba bila parachuti tungeshuka kama sufuria iliyotupwa ghorofani. Akakaa. Akasema kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo ya hatari, kwamba yeye hana neno na mtu, na kama mkwe wake ameona ampeleke juu asirudi, basi sawa. Nikamkumbusha kwamba na mimi nimo. Akasema mimi nilipanda nikijua.

Sasa, Bibi alikuwa ametimiza wiki mbili kwetu. Alilala chumbani kwetu, mimi na mume wangu tukabanana sebuleni kwenye godoro lenye shimo katikati. Basi lake lilikuwa Jumapili saa nane mchana, na tiketi niliikata mwenyewe, mapema, kwa furaha. Akatangaza kwamba hasafiri.

"Siwezi kuwa safarini mara mbili kwa wakati mmoja," alisema. "Mkinishusha, nitaondoka."

Mume wangu, fundi wa majokofu, alijaribu kumweleza mama yake kwamba ule ni mchezo tu. Akaulizwa kama atalala usingizi mama yake akining'inia juu kama nguo kwenye kamba. Akachukua mfuko wa vifaa, akaenda kutengeneza jokofu ambalo hakuna aliyemwita kulitengeneza.

Nikavuta kiti. Tukaunda roketi ya pili, na hii niliikagua kama nasubiri wakaguzi kutoka makao makuu. Parachuti, lipo. Ngao ya joto, ipo. Mafuta ya kwenda na ya kurudi, nikaongeza na akiba. Jumapili saa tatu asubuhi ikaruka, ikiendeshwa na kijana mmoja wa kofia nyekundu aliyetolewa na mchezo wenyewe. Bibi akauliza huyo ni mtoto wa nani. Hatukujua. Akauliza kama ameoa. Binti akasema mchezo hausemi.

"Basi mwambie aende taratibu."

Saa nne na nusu roketi ikasimama hatua chache kutoka kwetu. Kilichobaki ni kila mtu kutoka mlangoni na kuelea mpaka kapsuli ya pili. Bibi, ambaye havuki barabara bila kushikwa mkono, akasema atajivusha mwenyewe. Akaonyeshwa vitufe. Alibonyeza kwa ncha ya kidole, akaipita kapsuli, akapotelea gizani, akarudi kinyumenyume, akagonga mlango kwa kisogo, akaingia. Alikuwa ametota jasho.

"Nimefika," alisema, akaomba maji.

Binti akamvusha baba yake. Halafu akahesabu viti kwa kidole. Viti ni vitatu: dereva, Bibi, Baba. Mimi, ninayelipwa kwa kuhesabu nafasi, nilikagua mpaka misumari nikasahau kuhesabu watu.

Bibi alipendekeza yule kijana ashushwe. Ikaonekana haiwezekani, sisi tuliandikishwa abiria, na kapsuli hii, tofauti na ile ya kwanza iliyojiendesha, haiendi bila dereva. Kuhusu kumrudisha mwanawe hakutaka hata kusikia, ni kitinda mimba. Nikaangalia saa. Roketi ya tatu ingetuchukua mpaka jioni, na basi halingojei mtu.

"Mimi nabaki," nikasema. "Huku hakuna simu za ghala. Shusheni watu."

Bibi alinitazama, akageukia kioo cha kompyuta.

Kapsuli ikashuka, ikawa nyekundu kama kaa la moto, parachuti likafunguka, ikatua baharini salama. Bibi akashukuru Mungu, akaenda kuoga. Mume wangu, aliyekuwa ametoka tena asubuhi na mfuko wake, akarudi, akaambiwa ameokolewa, akasema ahsanteni. Kufikia saa saba mkoba wa Bibi ulikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshabadilisha mashuka ya kitanda changu.

Bibi akatoka amevaa nguo za safari. Akapita kwenye kompyuta. Kisura kimoja kilikuwa kinazunguka.

"Huyu amebaki na nani?"

"Peke yake, Bibi."

"Anakula nini?"

Nilimkonyeza binti. Haikusaidia. Akasema mle ndani hamna chakula.

Bibi akavua viatu. Akamwambia mwanawe kwamba mke wake amempa kiti, na mtu aliyekupa kiti humwachi juu ukaenda zako, watu watamwonaje.

"Siondoki mpaka naye ashuke."

"Mama, ni mchezo tu," nikasema.

"Nilipokuwa juu mimi, ulikuwa mchezo?"

Saa nane basi likaondoka bila yeye. Bibi aliubeba mkoba mwenyewe, akaurudisha chumbani kwangu. Aliponipita mlangoni akanishika bega. Kwa miaka kumi na saba ameniita mkwe, na mbele ya wageni, mke wa mwanangu.

"Jikaze, mwanangu," alisema. "Tunakuja."