Sinia la Peke Yake

Salme wa Makorora aliapa kwamba mwili wake wa zamani hana hamu nao hata chembe. "Hata upite hapa mlangoni, salamu siupi," alimwambia jirani yake Mwatumu, huku akijifunga khanga ambayo siku hizi ilimzunguka mara mbili ikabaki ncha.

Mwili ulifika Alhamisi, baada ya alasiri. Ilikuwa miezi minane tangu madaktari wampunguze Salme tumbo la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Mwili ulishuka kwenye bodaboda ukiwa na lile dera la zambarau lililokwisha kutolewa sadaka, ukamshukuru dereva, naye dereva akainama kukagua tairi la nyuma.

"Karibu," akasema Salme. Ile haikuwa salamu, ilikuwa adabu tu.

Mwili ukaketi kibarazani, mahali pake. Waliopita waliuamkia. "Bi Salme, masalkheri!" Kisha wakamtupia Salme jicho, wakauuliza mwili: "Na huyu mgeni wako katoka wapi?"

"Mombasa!" ukajibu mwili, ukacheka mpaka mkeka ukasogea. Salme alikuwa amekisahau kicheko kile. Chake cha sasa kilikuwa kinaishia kooni.

Kabla ya magharibi Salme akaushika mkono wa mwili, kuupima tu. Ulikuwa uleule alioulalia mama yake kule Tongoni, siku zake za mwisho. "Mto wangu huu," mama alikuwa akisema, "usimpe mtu." Marehemu hakuwahi kuuona mkono huu mwembamba. Angeuona angeuliza wa nani.

Jumamosi ilikuwa harusi ya Suhaila, binti wa dada yake. Wakaenda wote wawili, Salme mbele, mwili nyuma, ukihema.

Salme alikuwa na jambo lake moyoni. Miaka yote, katika kila shughuli, wanawake walikaa watano watano kwenye sinia, naye akitengewa lake peke yake karibu na mlango wa jiko. Aliambiwa ni heshima, akaamini, hata akawa anawaringia wenzake. Lakini leo alitaka, walau mara moja, mkono wake uingie palipo na mikono ya watu.

"Salme, huku!" "Hapana, kwetu!" Masinia matatu yalimgombea. Akakaa kwa Nasra, waliyekua naye mtaa mmoja. Akala matonge matatu, akashiba.

"Kula nawe siku hizi raha," Nasra akasema, akiuvuta mnofu uliokuwa upande wa Salme. "Zamani, shoga, tukikutengea lako maana ukikaa nasi tunarudi na njaa."

"Si mlisema heshima?"

"Sasa ulitaka tusemeje?"

Sinia zima likacheka. Salme naye akacheka, kidogo, kwa kadiri alivyobakiwa.

Akatazama mlangoni pa jiko. Mwili ulikuwa pale, umekwisha kuwekewa sinia lake, hakuna aliyeuliza. Ulikuwa ukila taratibu, kwa adabu, upande wake tu. Upande wa pili, mwili ulikuwa umetenga kiazi kimoja na mnofu mzuri, kama ulivyofanya katika harusi zote, endapo mtu angekuja kukaa.

Salme akainuka, akasema anakwenda kunawa. Kwa Nasra wakasogeleana, nafasi ikazibika.

Hakunawa. Alikaa mkekani, mwili ukamsogezea kiazi, naye akakimega kidogo kidogo, kichwa kikiwa begani pale. Bega lilinukia udi wa nyumba ya mama. Na kama kuna anayetaka kujua, macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Mwatumu akatokea jikoni na bakuli kubwa la kachumbari, akasimama juu yao.

"Hee! Salamu huupi, bega unaliegemea?"

"Nimepumzika tu. Naondoka sasa hivi."

"Na machozi hayo?"

"Pilipili, Mwatumu. Leo mmezidisha pilipili."

Mwatumu akamtazama yeye, akautazama mwili, akaliweka bakuli katikati yao.

"Pilau nimepika mimi, mwenzangu, pilipili sikutia," akasema. "Na kachumbari ndiyo kwanza inafika."