Moja, Mbili, Shika

Mstari wa majivu ulianzia mlango wa jikoni ukaishia kwenye tangi la maji. Binti yangu Mutanu aliuchora upya kila asubuhi kabla kuku hawajauvuruga, kisha akamsimamisha mwanawe Kathini juu yake. Kisigino kiguse vidole. Usiangalie chini. Usianguke. Mtoto alianguka. Alianguka upande wa mbaazi, akaanguka upande wa kuku, na mara nyingine akaanguka bila upande wowote, kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kamba.

Mimi nilikuwa kitini, mstaafu asiye na kazi ila kuongea.

Kathini alikuwa Gredi ya Tatu na vitu vilimkimbia mikononi. Vikombe, penseli, vifungo vya sweta. Kusoma alisoma kama mtangazaji wa redio, lakini mwandiko wake ulitambaa nje ya mistari, na mwalimu wake alishaamua kwamba huo ni uvivu. Wenzake wakiruka kamba uwanjani, yeye alibaki darasani akinakili upya kazi ya jana. Alirudi nyumbani vidole vimekakamaa. Mwishowe shule ikasema apelekwe Kitui mjini, kwenye kituo ambako watoto hupimwa jinsi mikono na miguu yao inavyosikilizana na kichwa.

Sasa, sisi tukisikia mtoto atapimwa, hatuulizi kipimo ni cha nini. Tunauliza ni maswali gani yalitoka mwaka jana. Mutanu alimwendea jirani yetu Ndunge, ambaye mwanawe alikuwa ameshapitia hapo, akarudi na mtihani mzima kichwani: kutembea juu ya mstari, kusimama kwa mguu mmoja, kutunga shanga, kudaka mpira. Ndunge alikuwa amemwongezea na lingine, kwamba wanaoshindwa hupelekwa shule maalum ya bweni, mbali, mama akamwona mtoto likizo kwa likizo. Wake mwenyewe hakupelekwa popote, lakini alikuwa amesikia. Hilo ndilo lililomfanya Mutanu achote majivu.

Mpira tuliutengeneza kwa soksi zangu. "Moja, mbili, shika," Mutanu alisema, na kwenye neno la mwisho akarusha, daima polepole, daima kutoka mahali pale pale. Soksi ilianguka. Ilianguka wiki baada ya wiki. Halafu jioni moja mikono ya Kathini ikajifunga juu yake, na mama yake akaketi chini kwenye vumbi akalia.

Siku yenyewe, kwenye benchi la kituo, nilijaribu kumtuliza mtoto kwa njia pekee ninayoijua. Nilimweleza nilivyokuwa fundi wa breki za malori Mtito Andei, kazi niliyojifundisha kwa kusikiliza vyuma, na jinsi simba alivyovuka kutoka Tsavo mchana kweupe, akanikuta chini ya lori, akanishikia spana mpaka nikamaliza. Alikuwa na adabu, nikasema. Aliuliza kwanza kama ninataka namba kumi na saba au kumi na tisa. Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliitwa Wangechi, msichana wa Nyeri mwenye raba za michezo miguuni. Alicheka mpaka akafuta macho, akaniambia huyo simba nimlete, wana upungufu wa wafanyakazi.

Kathini hakucheka. Alikuwa akisogeza midomo.

Ndani kulikuwa na utepe wa manjano uliobandikwa sakafuni. Aliutembea wote, kisigino kwa vidole, midomo ikihesabu. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo. Shanga zikaingia kwenye uzi. Wangechi akainua mpira, akauliza kama yuko tayari. Mtoto akanong'ona hesabu yake, akadaka. Mutanu alikuwa amekumbatia mkoba, na kila alama iliyoandikwa ilimpunguzia mwaka usoni. Mimi kila alama ilinirudisha shuleni kwake. Nililiona darasa tupu Jumatatu, sauti za wenzake nje, na yeye ameinamia daftari.

Wangechi akaweka kalamu. "Viungo viko sawa, mama. Nitamwandikia mwalimu kwamba mwili hauna shida. Sasa imebaki tu bidii ya mtoto."

Mutanu akasema Bwana asifiwe.

"Madam, huyu amefundishwa," nikasema. "Hiyo yote ni kukariri. Ukimtoa hapo, hawezi kufunga kifungo."

Wangechi akatabasamu. "Kama vile simba alifundishwa spana?"

"Baba, wacha hadithi zako," Mutanu alisema, bila kunitazama.

Miaka yote nimewauzia watu uongo na wakanunua wakitaka nyongeza. Siku niliyokuja na ukweli, nilikosa mteja. Kalamu ilikuwa imerudi mkononi mwa Wangechi. Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na chungwa tulilomnunulia Kathini la safari. Nikamwita mtoto jina. Akageuka akinitabasamia, kwa sababu ni mimi peke yangu nisiyempima.

Nikarusha. Sikuhesabu.

Chungwa lilimgonga mdomoni. Mikono yake ilipanda baadaye, wakati chungwa tayari linabingirika chini ya meza, ikabaki hewani ikisubiri kitu kilichokwisha kupita.

Mutanu alinitazama kama mtu asiyenijua. Wangechi akapiga magoti, akamfuta mtoto damu kidogo kwenye mdomo, akamwomba kwa sauti ya chini amsaidie kufungua zipu ya begi lake la kazi. Kisha kifuniko cha chupa. Kisha kamba za raba zake, azifunge. Vitu ambavyo Ndunge hakuvitaja. Vidole vya Kathini vilipapasa zipu ile kama wageni wanaotafuta mlango gizani.

"Mtampeleka bweni," Mutanu akasema.

"Nani alikwambia bweni?" Wangechi bado alikuwa magotini. "Anabaki kwa darasa lake. Namwandikia mwalimu amwongezee muda, na mapumziko aende acheze. Lakini siwezi kuandika kitu mmenificha, mama."

Mutanu akauweka mkoba chini.

"Vifungo namfungia mimi," alisema. "Kila siku. Na viatu. Na chai namshikia kikombe, wageni wakiwa hawapo."

Akaendelea, na kila alilosema Wangechi aliliandika.

Kathini sasa yuko Gredi ya Tano, kijijini kwetu, na watoto aliokua nao. Kuruka kamba bado hawezi, kwa hivyo yeye huizungusha, na nasikia ni mkali kwa wanaokanyaga. Mutanu amenisamehe, au amechoka kunikasirikia. Mezani chakula ni kile kile. Hadithi zangu mtoto bado anazitaka, na akifika shuleni huziongezea simba wa pili.

Lakini nikimwita jina, hata kama ni kumpa kipande cha muwa, haangalii uso wangu. Hutazama mikono kwanza.