Jiko la Toktosun

Hebu niambie, wewe ungeamini kwamba katika baridi ya milima ya Naryn, mwezi wa Januari, ndevu za wanaume zikiwa zimeganda barafu, hewani kumebaki joto la kuchota? Burulkan naye hakuamini. Ndiyo maana alitia miguu kwenye buti za mumewe, akaenda nyuma ya zahanati ilikofungwa mashine ya majaribio ya kupasha nyumba joto, akaweka kiganja mbele ya feni.

“Mbona inapuliza baridi?”

“Joto imeshalichukua, bibi, imelipeleka ndani,” alisema Jyldyz, binti aliyetumwa kutoka mjini kuuliza nani angenunua mashine kama hiyo.

Burulkan akaingia ndani: joto la kuvulia shali. Akatoka, akaweka kiganja tena. Mara tatu. Moyoni akaitaka. Lakini jiko la makaa ya mawe nyumbani kwake alilijenga Toktosun, mumewe, tofali kwa tofali. Nani wa kumwambia alivunje?

Akamchukua binti nyumbani kunywa chai.

“Nyumba arobaini na moja zimesema ndiyo!” Jyldyz alitamba, akipunga karatasi zake za majibu.

Burulkan akacheka mpaka bakuli la chai likamtikisika mkononi. “Walikukaribisha mkate?”

“Wote.”

“Basi! Hapa mgeni hanyimwi neno. Ungeuza ngamia mwenye mabawa, wangesema ndiyo.”

“Sasa niulizeje?”

“Uliza nani yuko tayari jiko lake libomolewe.”

Toktosun, aliyekuwa amekaa kando ya jiko lake, akakohoa. “Na bwawa la umeme likipungua maji, umeme ukakatwa, tutaota nini? Karatasi zako?”

“Babu, hita ya kawaida inakula umeme mara tatu ya hii. Wenye hita wakibadilisha, bwawa litapumua.”

“Nimeuliza ukikatwa.”

Jyldyz akainamisha macho. “Ukikatwa, nayo inazimika.”

“Ahaa. Huyu angalau hadanganyi.”

Burulkan akajikaza. “Mzee, mimi…” Akaishia kulitazama jiko.

“Unaogopa nitanuna kwa ajili ya jiko?”

“Si unalisifia miaka thelathini!”

“Nalisifia nisije nikalia. Kila alfajiri ndoo nne, na mgongo huu?” Akamgeukia Jyldyz. “Lile dogo la chumba cha nyuma tuachie, la siku za giza. Hili kubwa, binti yangu, livunje. Nimechoka kubeba makaa.”