Udongo Mweusi wa Kahe

Kaka yangu Polycarp alishuka kwenye basi la Moshi na debe la udongo. Watu wengine wakitoka nyumbani huja na mkungu wa ndizi, au angalau kuku. Yeye alikuja na debe, limefunikwa kwa gunia na kufungwa kwa kamba ya katani, na alilibeba mwenyewe begani mpaka Mtaa wa Kongo, hakutaka hamali aliguse. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia Dar es Salaam udongo upo, tunaukanyaga bure.

"Huu si wa kukanyaga," akasema. "Hili ni shamba lako, Marcelino."

Ilikuwa Novemba mwaka 1955. Nilikuwa na duka la maharage na mahindi pale Kariakoo, na nyuma ya duka vyumba viwili nilivyokaa na mke wangu Severa. Kwetu Kilema, juu mlimani, baba akifa, mtoto wa kwanza huwa ameshapewa pake, na mtoto wa mwisho ndiye hubaki na kihamba cha nyumbani, yaani migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, pamoja na nyumba yenyewe na mama aliyemo. Wa katikati hujitafutia. Mimi ni wa mwisho, Polycarp ni wa katikati. Kihamba kilikuwa changu, ingawa mimi nilikuwa huku nauza maharage na yeye ndiye aliyekuwa akikipalilia na kumchotea Mama maji. Hakuna aliyewahi kulalamika, au kama alilalamika mimi sikusikia, maana nilikuwa sijaenda nyumbani Krismasi ya sita hiyo.

Sasa alitaka tubadilishane. Baraza la mangi, chifu wetu, lilikuwa limempa shamba huko chini ya mlima, tambarare ya Kahe, eka thelathini. Yeye achukue kihamba, eka moja na nusu, mimi nichukue Kahe. Karatasi alikuwa nayo mfukoni, imeandikwa vizuri, imebaki sahihi yangu tu.

Eka thelathini. Naomba usinicheke. Mtu anayenunua mahindi ya wenzake kila siku na kuyauza debe kwa debe, akitajiwa eka thelathini, akili inahama. Niliona mahindi yangu mwenyewe yanashushwa mbele ya duka langu mwenyewe, kwenye lori langu mwenyewe, na wale wenye maduka makubwa wanasimama mlangoni kuangalia.

Polycarp akaweka debe chini, akafungua gunia. Ulikuwa mweusi tii. Mama alitufundisha sote kuupima udongo tukiwa wadogo: unachota, unalowesha kidogo, unakanda kwenye kiganja. Ukiwa mweusi, ukanata, ukafinyangika bila kumeguka, panda chochote. Mlimani kipimo hicho hakijawahi kumdanganya mtu, kwa sababu weusi wa udongo wa mlimani ni samadi ya ng'ombe na majani ya migomba yaliyooza miaka na miaka. Nikakanda. Ukanata. Uliteleza kidogo vidoleni, kama sabuni, nikasema huo ndio unono wenyewe. Mtu mwingine angesita. Mimi Mchaga niliyezaliwa mgombani nilijiona najua udongo kuliko daktari anavyojua homa.

"Na wote uko hivi?" nikauliza.

"Wote. Utatembea toka asubuhi, huoni jiwe."

Hilo lilikuwa kweli.

Ningesaini palepale. Kilichonichelewesha ni kwamba nilitaka kwenda kwenye maduka ya Posta kumnunulia Mama blanketi zuri, ili karatasi na blanketi viende pamoja Jumamosi, siku ambayo Polycarp angerudi. Severa alikuwa na lake. Usiku huo alisubiri shemeji yake atoke nje kunawa, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ukishasaini, kwenu ni wapi?"

"Kahe."

"Kahe una kaburi la nani? Baba yako amelala kwenye kile kihamba. Ukienda kumwona Mama utakuwa mgeni wa Polycarp, utabisha hodi."

Nikamwambia hodi ya kwa kaka yangu haina uzito. Nilisema hivyo kwa ukali, kwa sababu alikuwa amenigusa panapouma.

Jumatano alikuja Fundi Kitwana. Huyu alikuwa mzee wa kukandika nyumba, maarufu Kariakoo nzima, na mwenye nyumba wetu alikuwa amemleta aukarabati ukuta wa uani kabla mvua za vuli hazijakolea. Sehemu nyingine ulikuwa umebaki fito na boriti tu. Jioni udongo wake mwekundu ukamwishia, pamebaki pengo dogo karibu na mlango wa bafu. Akaliona debe langu. Nilipotoka dukani nikamkuta ameshachota karai zima, ameponda, ameziba pengo.

Nilimfokea kama sijawahi kumwamkia. Nilimwambia lile ni shamba langu, halikuletwa kuziba bafu.

"Bwana Marcelino, udongo ni udongo, nitakurudishia," akasema. Halafu akaangalia kiganja chake, akakifuta kwenye kaptula, akakiangalia tena. Alikusanya vyombo vyake akaondoka.

Alhamisi ikanyesha kuanzia adhuhuri, mvua ya nguvu, Gerezani na Kariakoo zote zikawa maji. Ilipokatika tukatoka uani. Ukuta wote ulikuwa umesimama, umelowa tu, wekundu wake umekolea. Lile pengo la mlango wa bafu lilikuwa wazi. Udongo mweusi ulikuwa umeteremka wote, umetapakaa chini kama uji, na fito zilikuwa zinaonekana safi kana kwamba hazijawahi kukandikwa. Polycarp aliangalia, akasema mzee yule hajui kazi.

Ijumaa asubuhi Kitwana alirudi. Nilimwambia shikamoo kwa shingo upande, akaitikia marahaba bila kinyongo. Hakuwa na haya yoyote ya fundi ambaye kazi yake imeporomoka. Akamwomba Severa bilauri mbili za maji. Polycarp alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunywa chai.

Kwenye bilauri moja Kitwana alitia donge la udongo mwekundu wa ukutani, kwenye nyingine donge la udongo wa debe. Akakoroga zote mbili kwa kijiti, akaziweka kizingitini.

"Kunyweni chai," akasema.

Tukanywa. Kabla sijamaliza kikombe, ule mwekundu ulikuwa umeshatulia chini na maji yake yameanza kuwa meupe. Ile nyingine ilibaki vilevile, maji ya rangi ya kahawa, hayapitishi mwanga.

"Ile haitatulia mpaka jioni," Kitwana akasema. "Mpaka kesho pia. Udongo wenyewe unatoka wapi?"

"Kahe, chini ya Moshi," nikajibu.

"Zamani palikuwa ziwa?"

Nikamtazama Polycarp. Akasema, akiangalia chai yake, "Wazee wanasema hivyo."

"Basi. Mimi nimezaliwa Bahi, Ugogo, tambarare kama hiyo. Ziwa likikauka, maji yanaondoka, magadi yanabaki. Yanaingia ndani ya udongo yanauharibu tabia. Chembe zake zinakataa kushikana. Ukilowa unayeyuka, ukikauka unakuwa tofali, jembe linaruka. Mvua inanyesha, maji yanakaa juu wiki nzima, na ukichimba kidole kimoja chini unakuta pakavu. Mmea unakufa kwa kiu umesimama ndani ya maji. Kwetu hata zizi la mbuzi hatulikandiki kwa udongo huo."

"Lakini ni mweusi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto.

"Weusi wake ni ile mbolea kidogo iliyokuwamo. Magadi yameiyeyusha, ikapanda juu jua lilipowaka. Umeletewa ngozi, bwana. Chini ya hapo hakuna kitu."

Severa alikuwa ameinama pale mlangoni pa bafu. Udongo uliomwagika ulikuwa umekauka pembeni na kuota utando mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaonja, akasimama akanitazama. Ameunga maharage na ndizi kwa magadi toka utotoni, hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kitwana akachukua karai lake akaenda mwisho wa uwanja kuponda udongo mwingine. Nadhani alitupisha. Tulibaki watatu na zile bilauri mbili.

"Ulijua?" nikamuuliza kaka yangu.

Nilitaka aseme hakujua. Kama angesema hivyo ningemwamini, nakuapia, ningemwamini na bilauri iko mbele yangu.

"Nimelima misimu mitatu," akasema. "Wa kwanza pamba haikuota. Wa pili mahindi yalifika magotini, majani yakaungua kingo, yakakauka. Wa tatu nilichimba mfereji nikaleta maji ya mto, ndiyo nikaharibu kabisa. Pakawa peupe."

"Na ukaona unipe mimi."

"Wewe hutalima, Marcelino. Una duka. Kahe ungeitaja tu barazani kwa watu, eka thelathini, basi. Mimi nina watoto saba, na nikifa leo sina hata pa kuzikwa."

"Kwa nini hukuniomba? Ungesema, kaka yako nimekwama, nipe kihamba."

"Ungenipa?"

Nisingempa, na yeye alijua, na hilo ndilo lililonizidishia hasira. Mtu akikuibia na bado akawa na neno la haki mdomoni, unatamani kumvunja meno.

Nikamwambia afunge mzigo wake. Nikamwambia kwamba kuanzia siku ile sina kaka aitwaye Polycarp, na kwamba nitamwandikia Mama ajue anaishi na mtu wa namna gani. Nilimwambia Mama atamlaani.

Hapo ndipo alipoinua uso.

"Udongo aliuchota Mama."

Severa akasema, "Shemeji, usifanye hivyo."

"Aliuchota kwa mkono wake. Mimi nilitaka kuleta karatasi tu. Akasema hutasaini bila kuona kitu, akasema lazima utataka kuukanda. Tukashuka naye mpaka Kahe, kwa miguu, na miguu yake ile. Akaukwangua juu juu."

Nilimwita mwongo. Nilimwita mengine ambayo sitayaandika. Nilimtolea kikapu chake mpaka barabarani, na blanketi la Mama, nililokuwa nimeshalinunua, nikamrushia juu yake, kwa sababu Mama hakuwa na kosa. Akaliokota, akalikunja vizuri, akaondoka kuelekea kwenye mabasi siku moja kabla. Karatasi aliisahau kwenye mkeka. Au hakuisahau.

Jumapili nikaandika barua. Mama hajui kusoma, mwalimu wa dini ndiye humsomea na kumwandikia, kwa hiyo nilichagua maneno. Nilimweleza alichofanya Polycarp, na uongo aliomzulia yeye mzazi wetu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kihamba hakiendi popote, Krismasi nakuja na Severa. Nilimwomba jambo moja tu, aniambie kwa kinywa chake kwamba Polycarp amemsingizia.

Jibu halikuja, na Krismasi tukaifanyia Dar es Salaam. Nilijiambia barua zimechelewa kwa sababu ya sikukuu. Severa, kila nilipolitaja jambo hilo, alitafuta kazi ya kufanya jikoni.

Jibu lilikuja wiki ya pili ya Januari. Mwandiko wa mwalimu wa dini ulikuwa uleule, wa kulala upande mmoja, ila safari hii hapakuwa na zile salamu ndefu zake za kanisani.

"Mwanangu Marcelino. Polycarp hakunizulia. Mimi ndiye niliyemtuma, yeye alikuwa hataki. Mwaka jana nimelala miezi miwili, wewe ulituma sukari, yeye ndiye aliyenigeuza kitandani. Nilijua ukiombwa utakataa, na mila iko upande wako, kwa hiyo sikuomba. Kihamba nataka akikae mtu aliyepo. Blanketi nimelipata. Ni mimi mama yako."

Niliisoma dukani nimesimama, wateja wanangoja. Nikampimia mtu maharage, nikampimia mwingine, nikaisoma tena. Polycarp ningeweza kumchukia mpaka kufa na nikalala usingizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwa Mama sikuwa nimejiandaa, na hata leo sijui nilitakiwa kufanya nini na mikono yangu saa ile.

Mchana nilifunga duka. Nikaichukua ile karatasi ya kubadilishana, nikaandika jina langu pale palipoachwa wazi, nikaitia kwenye bahasha. Severa akaniuliza kama simwandikii Mama hata neno moja.

Nikamwambia kihamba si changu tena, na mama wa pale ni mama wa Polycarp. Nikaenda Posta kwa miguu, nikaituma.