Sentensi Iliyomwangusha

Mfagizi aliegemeza dekio nyuma ya mlango, akajifuta mikono kwenye gauni la kazi, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekifuta vumbi asubuhi ile ile. Amri ilikuwa imetoka juu: matangazo ya idara yaeleweke hata kwa mtu aliyeishia shule ya msingi. Waliokuwamo humo ofisini wote walikuwa na digrii. Aliyeishia msingi alikuwa yeye.

Mhariri, kijana mpole, alimpa karatasi na kubonyeza saa ya simu. Kazi yake mfagizi ilikuwa kusoma kwa sauti. Akikwama, mhariri anatia alama nyekundu. Mwishowe zinahesabiwa alama, unapimwa urefu wa sentensi, na tangazo linapewa maksi kati ya mia. Chini ya themanini halitoki. Kwa miaka miwili alikuwa amefanya maneno mengi magumu yaondolewe, na nyumbani alijivunia hilo, maana si kila mpiga deki anamsahihisha mkurugenzi.

Tangazo la siku hiyo lilisema nyumba zitabomolewa. Mahali hapakutajwa, pengo lilikuwa likisubiri jina la mtaa. Alisoma bila taabu mpaka sentensi ya nne:

"Mkazi anayethibitisha kuwa ameishi katika eneo husika kwa muda usiopungua miaka kumi na miwili mfululizo anaweza kuwasilisha pingamizi mbele ya baraza, na nyumba yake haitabomolewa hadi pingamizi hilo litakaposikilizwa."

Alikwama mara tatu. Maksi sabini na moja.

Mhariri alipendekeza waikate vipande vitatu. Mkurugenzi, aliyesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema vipande vitatu vitaingia ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili watu hawausomi. Itolewe.

"Lakini nimeielewa, bosi," mfagizi alisema. "Kukwama nimekwama kuisoma tu. Inasema mtu wa siku nyingi asikilizwe kwanza."

"Imekuangusha mara tatu, mama. Ikikuangusha wewe uliyezoea, itawaangusha wote."

"Basi andikeni kwamba nimeielewa."

Mhariri aliitazama fomu, akaigeuza nyuma. "Hakuna sehemu ya kuandika hivyo," akasema bila kumtazama usoni.

Mwenye nguvu mpishe. Alisoma tena, sentensi ile ikiwa haipo, na safari hii ulimi haukugusa kisiki. Tisini na sita. Mkurugenzi akampongeza. Mfagizi akatia saini palipoandikwa Msomaji, akarudi kwenye dekio lake.

Wiki ya pili tangazo lilibandikwa kwenye ukuta karibu na bomba la maji la mtaani kwake, alipokuwa ameishi miaka kumi na minne. Alisimama na ndoo yake, akaliona jina la mtaa limejaza lile pengo. Alitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Majirani walimwomba awasomee, yeye si ndiye wa ofisini. Akasoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja.

Kisha akawaambia kuwa mtu anaweza kupinga. Akawatajia miaka kumi na miwili, baraza, na nyumba kutoguswa kwanza. Fundi viatu, ambaye chumba chake na cha mfagizi vinagawana ukuta, alisogea na miwani yake iliyofungwa uzi. Akapitisha kidole chini ya kila mstari, taratibu, midomo ikicheza, mpaka kwenye maandishi madogo ya chini kabisa: Limepimwa kwa msomaji wa kawaida. Maksi 96.

"Nioneshe mstari wenyewe, shemeji," akasema.

Mfagizi akaweka kidole kati ya sentensi ya tatu na iliyofuata.

"Basi haupo. Mambo ya serikali yakiwepo huandikwa." Fundi viatu alivua miwani. "Tena safari hii wameandika vizuri. Hata mimi nimeelewa yote."

Akaenda zake kuokoa mabati yake kabla hayajapondwa. Mfagizi alijaza ndoo, akaibeba hadi ndani, akakaa kitandani. Upande wa pili wa ukuta misumari ilikuwa imeanza kung'olewa, mmoja mmoja.